R ya Kuazima

Siku hizi nikiwa kazini, kwenye stoo ya vifaa vya maji hapa Machakos mjini, nikihitaji kosaini ya pembe yoyote ninaandika fomula kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai, na kompyuta inanijibu kabla sijameza. Vijana wa ofisini wanadhani nilizaliwa hivyo. Hawajui kwamba kosaini yangu ya kwanza ya kompyuta ilitutoa jasho watu wazima wanne, ikatukimbiza katikati ya mji, mmoja wetu akiwa na chaki usoni, na nusura imwangushie mama wa watu nyumba yake.

Wakati huo nilikuwa nasoma ngumbaru. Ndivyo mji mzima ulivyotuita sisi tuliorudi shule na ndevu zetu, jioni, baada ya kazi. Ukipita na daftari kwapani unasikia mtu mlangoni mwa duka: "Ngumbaru, leo mmefika a, e, i, o, u?" Nasi tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, tena kwa hasira! Lakini jina hilo lilitushika, na leo nikilisikia moyo unaniruka kama wa mtu aliyeitwa na mpenzi wake wa zamani.

Tuliazimwa darasa la shule ya msingi. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la tatu, kwa hivyo ukikaa magoti yanafika masikioni, na ukitaka kumsikiliza mwalimu vizuri inabidi uyatenganishe kwanza. Pembeni kulikuwa na kompyuta tatu tulizopewa na msamaria mwema. Zilikuwa za zamani mno. Nadhani Nuhu ndiye aliyeanza kuzitumia, kuorodhesha wanyama. Ukiwasha moja inanguruma kama mashine ya kusaga unga, na mara mbili nilimwona mtu amesimama nje ya dirisha na gunia la mahindi, anauliza foleni inaanzia wapi.

Kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, chenye maua pembeni, kama vile vya viti vya sebuleni. Vitambaa hivyo alivishona mwanafunzi mwenzetu, mama mmoja aliyeuza ndengu na maharagwe sokoni. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, ingawa baadhi yetu tulikuwa karibu umri wake. Alikuwa na sauti ya kusimamisha ng'ombe aliye mbali kule Matuu, yeye akiwa hapa. Alikaa dawati la mbele na hakuogopa swali lolote, wala jibu lolote, hata likiwa si sahihi.

Nyuma yangu alikaa fundi wa pancha, mtu wa upande wa Murang'a aliyeletwa Machakos na kazi akaolewa na mji. Huyu alikuwa burudani yetu. Sisi Wakamba herufi R hatujuani nayo sana. Inapita midomoni ikitoka imeshakuwa L. Yeye kwake ni L ndiyo iliyokosa makao. Jumatatu ya kwanza alisoma insha yake kwa sauti, "Nirirara nikaota ndoto," na sisi tukacheka mpaka chaki ikaanguka ubaoni. Ati sisi, ambao dakika moja kabla tulikuwa tumesalimiana "habali ya jioni"! Lakini wengi ndio sheria, na kila siku alichekwa, na kila siku alikuja.

Na mwalimu. Mwalimu alikuwa Mkamba mwenzetu, mzaliwa wa Katangi, mwembamba kiasi kwamba akigeuka upande ulilazimika kumtafuta. Alipenda kosaini kuliko watu wengine wanavyopenda nyama choma. Alitufundisha thamani chache za kukariri, naye alizifundisha kama kanisani. Anapaza sauti, "Kosaini ya sitini?" Nasi tunaitikia, "Nusu!" Ikawa ndiyo salamu yetu. Ukikutana naye sokoni Jumamosi anakupigia kelele kutoka ng'ambo, "Sitini!" Unajibu, "Nusu!" Wanawake wa vitunguu walikuwa wanageuka kuuliza ni nani huyo anayeuza nusu kwa sitini.

Sasa, Mwaitu alikuwa anajenga. Nyumba yake ilikuwa Kalama, ya matofali yaliyoshikwa na udongo. Alikuwa mjane, na kwa muda mrefu aliishi jikoni kwa shemeji yake pamoja na magunia yake ya ndengu, analala akinusa maharagwe. Kuta zilisimama, kisha akakosa mabati, na mvua moja nzima ikamnyeshea kuta uchi. Maji yakala udongo katikati ya matofali. Ukuta mmoja ukatoa tumbo kama mtu aliyeshiba muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, ukabomolewa ukajengwa tena. Fundi wake akamwambia waziwazi: "Mwaitu, mvua nyingine ikizipata kuta hizi hazina kofia, tutaanza tena kwa msingi. Na mimi sitaanza tena."

Na ilikuwa Oktoba inaisha. Mtu wa Ukambani hahitaji kuambiwa maana yake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima kama wageni waliokwisha kuvua viatu.

Kwa kawaida fundi husimamisha mbao za paa kwanza, halafu anapima kwa futi yake, ndipo mabati yanakatwa. Lakini jioni ninayoisimulia, jirani mmoja wa Mwaitu alikuwa na lori lililokuwa linaenda Kalama asubuhi iliyofuata na simenti, na akampa nafasi ya bure. Karakana ya mabati pale chini ya soko ilikubali kumkatia jioni hiyohiyo, urefu wowote, bati zima kutoka kileleni hadi ukingoni bila kiungo. Alitakiwa kuwapa namba tu. Na bati likishakatwa, limekatwa. Ni kama nywele za kinyozi, haurudishwi hata mmoja.

Aliingia darasani na ramani ya nyumba imekunjwa ndani ya leso.

"Mwalimu, lamani imesema paa liinuke diglii ishilini na tano. Kutoka katikati ya nyumba mpaka ukingo wa paa ni mita tatu. Bati liwe lefu kiasi gani? Wananingoja."

Mwalimu aliipokea ramani kwa mikono miwili kama ekaristi. Aliigeuza, akaitazama, akatutazama sisi. "Leo," akasema, "hatusomi. Leo tunaezeka."

Alichora pembetatu ubaoni. Chini, mita tatu. Pembeni, digrii ishirini na tano. Ule mstari wa mteremko ndio bati lenyewe. "Chukua tatu, gawa kwa kosaini ya ishilini na tano. Na tusitumie kitabu cha majedwali. Tutumie spledishiti. Mashine hizi tumezifunika vitambaa tangu Pasaka, leo zitoe jasho."

Kwa kuwa paa ni la Mwaitu, yeye ndiye aliyekaa kwenye kompyuta ya kwanza. Mwalimu akamsomea: alama ya sawasawa, C, O, S, mabano, ishirini na tano, funga mabano. Ikawa =COS(25). Akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikasema 0.991. Tukagawa. Mita tatu na sentimita tatu.

Namba ile ilikuwa na heshima zake. Ilikuwa imevaa suti na tai. Hakuna mtu angeisimamisha mlangoni kuiuliza inatoka wapi. Tulipiga makofi, Mwaitu akainuka na simu sikioni, akaiambia karakana kwa sauti ambayo bila simu wangeisikia vilevile: "Tatu nukta sifuli tatu! Anzeni!"

Mimi nilikuwa kompyuta ya pili, nimebaki na furaha isiyo na kazi. Nikaona niionyeshe mashine kwamba na sisi tunajua kitu. Nikaandika =COS(60), nikangoja inijibu nusu kama Mkristo mwema.

Ikanijibu -0.952.

Nikafuta kioo kwa mkono wa shati. Kistari kikabaki palepale.

"Mwalimu," nikaita, "sitini—"

"Nusu!" darasa likaitikia kwa mazoea.

"Basi njooni muone nusu ya huku."

Wakaja. Mwalimu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Hasi?"

"Hasi kabisa, mwalimu. Hili paa linaingia ardhini."

"Mnaniezekea nyumba ama kisima?" Mwaitu akauliza, simu bado mkononi.

Kama ya sitini ni uongo, ya ishirini na tano nayo ni nini? Na kule chini ya soko mashine ya kukata ilikuwa imeshawashwa kwa namba yetu. Mwaitu akapiga simu tena. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. "Hawasikii! Wanakata!" Akashika njia ya mlangoni, mwalimu akamzuia.

"Ukienda bila namba, Mwaitu, utawaambia nini?"

Akasimama. Nilimwona akilitazama dirisha, mahali mawingu yalipokuwa.

Mwalimu alijipangusa kipaji kwa mkono wenye chaki, akajichora kama anayekwenda ngomani, kisha akapiga meza. "Nimekumbuka! Hii mashine haipimi kwa diglii!"

"Mbona imejibu?" nikauliza.

"Imejibu swali lingine. Ina kipimo chake. Kinaitwa ladiani. Sikilizeni. Mbuzi amefungwa kamba kwenye kigingi. Kamba imenyooka. Akitembea kwenye duala lake umbali sawasawa na ulefu wa kamba, pembe aliyopinda ni ladiani moja. Sasa wewe umeiambia mashine ishilini na tano. Mbuzi amezunguka kigingi kalibu mala nne, akasimama kalibu palepale alipoanzia. Ndiyo maana ikasema kalibu moja. Haikudanganya. Ilihesabu mbuzi."

"Kwa hivyo," Mwaitu akasema polepole, "nimeagiza mabati ya mbuzi."

"Mashine haitaki digrii," akasema fundi wa pancha kutoka nyuma. "Hata mimi sina digrii. Tutaerewana."

"Liko neno la kuzigeuza," mwalimu akaendelea, sasa anatembea huku na huku. "Kila mtu mashine yake! Sawasawa, COS, mabano, halafu andikeni ladiani kwa Kiingereza na esi mwishoni, mabano tena, ishilini na tano, funga, funga!"

Tukarukia mashine zetu. Nikaandika kwa herufi kubwa ili isikie vizuri: =COS(LADIANS(25)). Nikabonyeza. Ikatoa alama ya vistari vinne vilivyokatana kama ngazi, neno NAME, na alama ya kuuliza.

"Inauliza jina," nikasema.

"Na yangu imeuliza," akasema Mwaitu. Alikuwa na haraka, na maisha yake yote akiulizwa jina na karani alikuwa anajibu. Akaandika yake yote matatu, la ubatizo kwanza. Kompyuta ikayapokea kimya, ikayaweka kwenye kisanduku cha chini yake, isiseme lolote. "Nimejiandikisha. Sasa inangoja nini? Kitambulisho?"

Mwalimu akaja akasoma kioo changu kidole kwa kidole. "C, O, S. Mabano. Ladiani. Mabano. Iko sawa!" Akasoma cha Mwaitu, neno lilelile, akaridhika vilevile. Macho yake na ulimi wake vilikuwa vimezaliwa kijiji kimoja. Kila alipoangalia L alisikia sauti ya nyumbani. Tukaandika upya. Mashine ikauliza jina upya. Nilifikiria kuipiga kofi, na nisingekuwa wa kwanza.

Ndipo ikaja sauti kutoka kompyuta ya tatu, ya mtu anayeogopa kuchekwa.

"Mwarimu, yangu imekubari."

Tuligeuka kama shingo moja.

"Sifuri nukta tisa, sifuri, sita," akasoma fundi wa pancha.

Nikafika kwake kwa mruko mmoja, na madawati mawili yako katikati. Juu ya kioo palikuwa na =COS(RADIANS(25)). Mwalimu alikuwa amesema L. Sikio la fundi wa pancha lilisikia L. Lakini mkono wake ulifanya ulivyofanya kila siku ya Mungu: ukaandika R. Kosa lile tulilomchekea mwaka mzima lilikuwa limekwenda moja kwa moja mpaka mahali pake, likagonga mlango, likafunguliwa.

Mwalimu alifungua kitabu cha majedwali, akashuka hadi ishirini na tano. "Sifuli nukta tisa sifuli sita tatu," akanong'ona. "Ndiyo. Ndiyo yenyewe." Akatazama ubao, akatazama kioo, halafu kwa mara ya kwanza katika historia ya Katangi akajaribu kuitamka: "Rrr... ladiani."

Fundi wa pancha aliegemea nyuma, mikono kifuani. "Mnanicheka kira siku. Reo mmekuja kuazima R."

"Tuazime tu, ndugu yangu," nikamwambia, "tutakulipa na L, tuko nazo nyingi."

"Kaeni nazo. Gawanyeni tatu, haraka!"

Tukagawa. Mita tatu na sentimita thelathini na moja. Karibu futi nzima zaidi ya namba ya mbuzi. Mtu akikosa futi katika bati ana mambo mawili: ama liguse kilele liache ukuta uchi, ama lifunike ukuta liache pengo kileleni. Mwaitu hakungoja maelezo. Alishatoka.

Mbio zile, kama angekuwapo mtu wa saa, leo ningekuwa na medali ukutani. Mwaitu mbele, leso mkononi. Mimi nyuma yake. Mwalimu na kitabu chake na uso wa chaki. Fundi wa pancha mwisho, anapaza sauti "Tatu nukta thera-thini na moja!" tusije tukaisahau njiani. Wenye maduka walidhani tunamfukuza mwizi. Wawili wakajiunga, na mmoja alikimbia vizuri kutushinda.

Karakana ilikuwa inapiga kelele. Kijumba kizima cheupe kwa mng'aro wa mabati. Mkataji alikuwa ameshika mkono wa mashine juu, yuko karibu kuushusha.

"Simamisha!" Mwaitu akanguruma, na hapo ndipo nilipoamini kwamba sauti inaweza kuzima umeme, maana mtu yule aliachia kila kitu.

"Mama, namba umesema mwenyewe."

"Hiyo namba ilikuwa ya mbuzi!"

Mkataji akatutazama mmoja mmoja: mwanamke anahema, mimi nimeinama, mtu mwenye chaki usoni, na wageni wawili wanaouliza mwizi yuko wapi. "Sasa ni ngapi?"

"Tatu nukta thelathini na moja!" tukasema sote, wengine na R, wengine na L.

"Na nyinyi ni akina nani?"

"Ngumbaru!" akajibu mwalimu, kifua mbele. Sikuwahi kulisikia neno hilo likisemwa namna ile.

Bati moja tu lilikuwa limekatwa. Hilo Mwaitu alilichukua hivyohivyo, na kuku wake wanalala chini yake mpaka leo, kuku pekee katika kaunti nzima wenye paa la ladiani. Mengine yote yalikatwa kwa namba ya fundi wa pancha, na asubuhi yakapanda lori pamoja na simenti.

Darasa lile halipo tena. Chumba kimerudishiwa watoto, na nikipita hapo jioni nasikia wanafukuzana kati ya madawati ambayo yanawatosha. Mwalimu alirudi Katangi kufundisha karibu na shamba lake. Sijui kompyuta zilikwenda wapi. Labda mtu anasagia unga. Nilipata cheti changu, nikapata kazi, nimekaa kiti kinachozunguka. Lakini sijawahi tena kukaa mahali ambapo watu wanne wanalitaka jibu moja kwa moyo mmoja, jibu lenyewe likiwa la mmoja wao tu.

Mwaitu alituita Kalama fundi alipomaliza. Mabati yalikutana kileleni kama mikono ya mtu anayesali, na chini yakapita ukuta yakatoka nje, upenu mpana wa kutosha kumkinga mtu na kiti chake. Alikuwa amepika muthokoi sufuria mbili. Nilikuwa kwenye sahani ya tatu, na sitii chumvi sana hapo, mvua ilipofika. Haikuanza kwa matone. Ilimwagwa. Kelele juu ya bati ilikuwa kubwa hata mimi nikanyamaza, na fundi wa pancha akanielekeza kidole kuwaonyesha wengine muujiza huo.

Mwaitu aliweka mwiko chini, akatoka mlangoni. Tukamfuata kwa macho. Maji yalikuwa yanashuka kutoka ukingo wa paa kama pazia, yanachimba mfereji wao kwenye udongo, mbali na nyumba. Yeye alikuwa amesimama kati ya pazia na ukuta. Alipitisha kiganja juu ya matofali, kutoka juu hadi chini. Halafu akainama pale ukuta unapokutana na ardhi, akachota kitu, akakileta mlangoni tukione.

Lilikuwa vumbi. Akalipuliza likaruka kutoka kiganjani mwake, jepesi, kavu, likaingia ndani ya nyumba.